Utepe wa Kijivu

Hakuna mwanamke aliyetembea kunishinda. Dunia yote nimeimaliza kwa miguu hii miwili, sikupanda chombo wala mnyama, wala sikumwomba mtu mkono. Na kabla hamjanipigia vigelegele, niseme kwamba dunia yenyewe ina hatua kumi na mbili. Inaanzia kwenye ukuta wenye benchi, inaishia kwenye mlango, na hatua ya kumi na mbili iko upande wa pili wa mlango huo. Hiyo sijaikanyaga. Kwa hiyo nimeitembea dunia yote kasoro hatua moja, na hiyo moja ndiyo dunia.

Jina langu Somoe. Nilisoma mpaka darasa la nne. La tano nililiona dirishani. Kule tulifundishwa kuwa mtu ana kichwa, kiwiliwili, mikono na miguu. Humu, ndani ya Jumba la Kupimia Mwendo, tunafundishwa kuwa mtu ni mwendo wake, na hivyo vingine ni mzigo anaotembea nao.

Jumba halina dirisha. Mwanga wake ni mweupe, hauna asubuhi wala magharibi, na siku hazihesabiwi kwa jua bali kwa zamu: jina lako likiitwa ni leo, lisipoitwa bado ni jana. Namna nilivyoingia siikumbuki vizuri. Mara nakumbuka nilimbeba mjukuu wangu Mize mgongoni, hata kusimama dede hajasimama na wenzake wanakimbiza kuku. Mara nakumbuka ni Mize aliyenibeba mimi, na nisiyesimama dede ni mimi. Nimemuuliza. Anasema yeye anakumbuka tumeingia tunatambaa wote wawili, tunashindana, na kwamba nilimwibia ushindi. Huenda ni kweli. Humu umri hauendi mbele kama ulivyozoea. Unakwenda na kurudi kama mtu aliyesahau funguo.

Jina likiitwa, unavua nguo zako unavaa kaptura ya Jumba. Mwanamke wa umri wangu, magoti nje kama viazi vikuu sokoni! Kisha anakuja Kazija, mwanamke wa makamo mwenye vidole baridi na roho ya moto, anakubandika vigololi vinavyong'aa: nyongani, gotini, kwenye kifundo, kwenye kisigino. Ukutani kuna macho mekundu ya kamera, na macho hayo hayaoni kitu ila vigololi. Mimi hayanioni. Nimeyapungia mkono, nimeyatolea ulimi, siku moja nimeyaonyesha na kitu kingine ambacho mtu mzima hakitaji. Hayakupepesa. Halafu unatembea. Mahali fulani chini ya sakafu limefichwa bamba linalopima uzito wa mguu wako unapokanyaga, na ni mwiko kuambiwa liko wapi, kwa sababu mtu akilijua atalilenga, na akililenga, mwendo si wake tena. Mimi nilishalijua. Liko hatua ya sita, linalia chini ya kisigino kama chungu kitupu. Nikilifikia najitia kutazama dari.

Ukimaliza, ukutani anatokea mtu wa vijiti. Hana sura, hana nywele, hana aibu. Vijiti viwili vya paja, viwili vya muundi, kijiti cha nyonga, na vinatembea. Siku ya kwanza nilipomwona wangu nilisimama nikalia, na Kazija akadhani vigololi vinanibana. Havikunibana. Nilikuwa namwona msichana wa miaka kumi na minne anakwenda kisimani na ndoo kichwani, kiuno kimetulia ili maji yasimwagike, na msichana huyo nilikuwa nimeshamzika. Ngozi imezeeka, meno yamehama, jina limebadilishwa mara mbili na waume wawili. Kumbe mwendo ulikuwa umejificha ndani muda wote huu, haukuambiwa kwamba tumezeeka. Sasa niambieni, nyinyi mnaojua kusoma vitabu vinene. Zamani tulimjua mtu kwa mbali kabla hatujauona uso wake: yule anayekuja ni fulani, hebu tazama anavyotupa mguu. Basi mtu ni nani? Ni yule mwenye uso, au ni yule anayekuja? Na mwendo wake akinyang'anywa, akaambiwa autoe aje na mwingine, atakayefika ni nani?

Niliwaza hayo kwenye benchi. Benchi ni refu na lina joto la waliokaa kabla.

Sheria ya Jumba ni moja. Chini ya mtu wa vijiti unachorwa mstari: goti linavyokunjwa na kukunjuka, linapanda, linashuka, kama milima miwili, mdogo na mkubwa. Na ukutani hapohapo kuna utepe wa kijivu, mpana kama kiganja. Mstari wako ukipita ndani ya utepe, mlango unafunguka wenyewe. Ukitoka nje ya utepe, unarudi kwenye benchi mpaka uitwe tena. Hakuna anayepigwa. Hakuna anayefokewa. Ni utepe tu, na sauti ya Bwana Vuai: "Rudia."

Bwana Vuai ndiye msomaji wa mistari. Hukaa kwenye kiti cha magurudumu matano, vile vya kuzunguka vya ofisini, na Kazija humsukuma. Miguu yake huifunika kwa shuka la bluu hadi chini, kama mtu anayelinda mikate isipoe. Sijawahi kumwona amesimama. Siku moja nilimuuliza, kwa sababu kinywa changu hakijapata kupimwa.

"Bwana Vuai, huu utepe ni wa nani?"

"Wa watu."

"Watu gani? Mimi ni mtu. Mize mtu. Hata Pandu pale anajitahidi."

Pandu ni mzee mwenzangu wa benchi. Mikono inamtetemeka, na akianza kutembea miguu yake huganda sakafuni kama imetiwa gundi, mpaka Kazija ambandikie vipande vya plasta mbele yake sakafuni, ndipo avivuke kimoja kimoja. "Usinichekeshe, Bi Somoe," akasema, "nikicheka naganda."

"Watu wenye viungo vizima," Bwana Vuai akanijibu. "Elfu moja. Tuliwajumlisha tukapata katikati yao."

"Na huyo wa katikati anaitwa nani? Anakaa wapi?"

"Hayupo, Bibi. Ni wastani."

"Ahaa. Yaani sisi tumefungwa kwa kosa la kutofanana na mtu asiyekuwapo."

Kazija alikohoa, akageukia ukuta, na mabega yake yakacheka peke yao. Bwana Vuai akalisawazisha shuka. "Mimi mwenyewe nimo katika hao elfu," akasema. "Wa kwanza. Mstari wangu ulipita katikati kabisa."

"Basi inuka tuuone, tujifunze."

"Kazi yangu ni ya macho. Aliyekwisha fika hatembei."

Lakini mwisho wa kila zamu Kazija alikuwa akimsukuma kuelekea mlangoni, na mlango ulimfungukia bila kuuliza. Nao mlango, jamani, unapima hatua. Kiti hakina hatua. Nikaliweka hilo mahali pake moyoni, nikalikalia kama kuku anavyokalia mayai.

Sasa nieleze habari ya Mize, maana bila yeye mimi nisingekuwa na la kusimulia. Mize hutanguliza vidole. Kisigino chake hakigusi chini, na magoti yanasuguana kama majirani wenye kesi. Walisema alipozaliwa alichelewa kulia, na katika kuchelewa huko kichwa na miguu havikuonana vizuri. Lakini anafika. Kila anapokwenda, anafika. Ana namna ya kutupa bega la kulia kwanza, kisha nyonga, kisha mguu unafuata kama mbuzi anayevutwa, na kuna mpangilio humo ndani, kuna ngoma, ukikaa kuisikiliza unaisikia. Mstari wake ukutani ni mlima mmoja tu, mrefu, umekaa juu ya utepe wala hauushukii. Ameitwa mara nyingi kuliko mtu yeyote. Kila mara: "Rudia." Siku hizi hata haombi tena kujua ni lini. Huuliza tu, "Bibi, huko nje kuna ngazi?" Namwambia zipo. "Basi nitazishuka kwa makalio." Nikamwambia hata masultani wameshuka hivyo, ila haikuandikwa.

Na mimi je? Mimi ningetoka zamani. Mstari wangu, wa yule msichana wa kisimani, unaingia ndani ya utepe kama uzi kwenye tundu la sindano. Nililiona hilo siku ya kwanza, mlango ukatikisika kufunguka, nikaona hatua ya kumi na mbili inaning'inia mbele yangu, na nyuma yangu Mize kwenye benchi ameshika kaptura yake kwa mikono miwili. Nikajikwaa kwa makusudi. "Rudia," akasema Bwana Vuai. Nikarudi kwenye benchi nikakaa, na Mize akaegemeza kichwa hapa begani.

Tangu siku hiyo nimekuwa kiwete. Niliazima kilema cha mume wangu wa pili, Makame, marehemu, aliyeangukiwa na gogo. Nilikijua kwa masikio: miaka ishirini nilimsikia akirudi nyumbani, *tu, kwaa, tu, kwaa*. Nikitembea nacho nilihisi Makame yuko ndani ya nyonga yangu, ananung'unika kwamba chumvi imezidi. Kuna raha yake. Unakuwa mtu mwingine na bado unakula chakula chako.

Nimefungwa. Kwa hiari. Hiari nayo ina kuta. Ukitembea uongo kila siku, siku moja unaamka usiku wa moyo wako unataka kwenda ukweli na hujui unaanzia mguu gani.

Leo nimeitwa.

Nikatembea, *tu, kwaa*. Mtu wa vijiti akachechemea ukutani vizuri tu, nikamwonea fahari. Bwana Vuai akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kazija, tuletee Bi Somoe wote." Ukuta ukajaa. Walikuwa watu wangu wa vijiti wa zamu zote, wanachechemea pamoja, jeshi zima la vikongwe. Na hapo nikaliona kosa langu kabla hajaninyooshea kidole. Nusu yao walichechemea mguu wa kushoto. Nusu wa kulia.

"Yalaa," akasema Pandu, ambaye nilikuwa nimempa siri ile benchini. "Umemsahau mumeo mguu!"

"Hata alipokuwa hai nilikuwa namchanganya," nikasema, lakini sauti yangu haikucheka.

Bwana Vuai hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema polepole, kama mwalimu anayekurudishia daftari: "Bibi, mwenye kilema cha kweli hukirudia. Mfanye atembee mara tatu, hatua tatu zitalaliana kama nguo zilizokunjwa. Kosa halifanani na kosa mara tatu. Mwendo hufanana. Wewe kila mara una kilema kipya." Akamwambia Kazija anibandue vigololi. "Mwendo wako ni mzima. Zamu hii ikiisha, unatoka."

"Na mjukuu wangu?"

"Anabaki na kurudia."

"Peke yake?"

"Na utepe."

Kazija alinibandua vigololi, kimoja kimoja, na vidole vyake havikuwa baridi. Aliponibandua cha mwisho, cha kisigino, akaninong'oneza, "Shoga, sina la kufanya. Mimi husukuma tu." Nikamwambia najua. Nilikuwa nikiona tayari hatua ya kumi na mbili, ile niliyojisifia kwamba sijaikanyaga, na sikuitaka. Nilitaka kuila. Nilitaka kuikunja niimeze ili isiwepo. Nimekaa humu kwa sababu ya mtoto, na sasa nitafukuzwa nje kama wengine wanavyofungiwa ndani. Kumbe mlango ni uleule. Inategemea tu nani kabaki upande wa pili.

"Mize binti Khatibu," akaita Bwana Vuai. "Ya mwisho kwa zamu hii."

Mize akaja mbele. Akanitazama, akaelewa, kwa maana watoto wa benchi hawahitaji kuelezwa. Akasema, "Bibi, usigeuke ukilia, utaharibu mwendo wako mzuri." Kisha akaanza.

Bega, nyonga, mguu. Bega, nyonga, mguu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa akijaribu kushusha visigino. Niliona. Alikuwa anaulenga utepe ule kwa mwili mzima, anajikunja aingie, jasho linamtoka, na kadiri alivyojitahidi kutembea kama yule mtu asiyekuwapo ndivyo ngoma yake mwenyewe ilivyokuwa ikimponyoka. Ya tano. Ya sita, bamba likalia. Ya saba, goti likamshika mwenzake. Ya nane ilikuwa hewani tu, haikuwa hatua. Mtoto anakwenda chini, uso mbele, na mikono yake haijui kumkinga.

Mimi nilikuwa mbali. Kazija alikuwa mbali, ameshika vigololi vyangu. Pandu aliinuka akaganda.

Aliyemdaka ni Bwana Vuai.

Sikumwona akiamua. Shuka la bluu lilikwenda huku, kiti kikaenda kule, na mtu akavuka sakafu: moja, mbili, tatu. Mtoto akaangukia mikononi mwake, sakafu ikabaki na njaa. Nikasema Alhamdulillahi, nikaisema tena. Na ndipo nikatazama miguu yake.

Ilikuwa miembamba. Magoti yake yalikuwa na vigololi. Vya zamani, vimefifia, na plasta iliyovishika imegeuka njano kama jino. Nyonga, goti, kifundo, kisigino. Hakuwa amebanduliwa. Tangu lini, mimi sijui, humu hatuna tangu. Lakini macho mekundu yalivijua vigololi hivyo, na ukutani mtu mpya wa vijiti alikuwa ameshatokea, anavuka: vidole mbele, kisigino juu, magoti yanasuguana. Nyonga kwanza, kisha mguu. Ile ngoma. Na chini yake mstari: mlima mmoja, mrefu, umekaa juu ya utepe wa kijivu wala hauushukii.

"Bibi," akasema Mize, bado mikononi mwake, "anatembea kama mimi."

Benchi zima lilikuwa limesimama. Bwana Vuai akamweka Mize chini polepole, kwa ustadi, akimshika pale ambapo hushika mtu ajuaye mwili kama huo huanguka vipi. Kisha akautazama ukuta, na rangi ikamtoka.

"Nimejikwaa," akasema.

Mize akayatazama magoti yake, kisha ya Bwana Vuai.

"Ilikuwa haraka. Mtu akiwa na haraka mguu hukosea."

Kazija akausogelea ukuta. Mwanamke aliyesukuma kiti kile zamu zote hizo bila kujua alichokuwa akisukuma. Akanyoosha kidole chake. "Hatua ya kwanza," akasema. "Ya pili. Ya tatu." Ilikuwa mistari mitatu, lakini ukiitazama ungesema ni mmoja, imelaliana kama nguo zilizokunjwa. Maneno tulikuwa tumeshapewa, na mwenyewe.

Nilimhurumia, sitasema uongo. Leo nimeshasema wa kutosha. Aliinuka kumwokoa mtoto wangu, na angekaa siri yake ingekaa naye. Lakini huruma haisukumi kiti. Wote walipokuwa wanatazama ukuta, mimi nilikuwa nimekiokota kile kiti, nimemkalisha Mize, nimemfunika shuka la bluu mpaka chini. Nikakigeuza kuelekea mlangoni. Magurudumu ya mbele yakagusa kizingiti, na mlango, ule mlango wa kupima hatua, ukafunguka bila kuuliza.

"Bi Somoe," akasema Bwana Vuai nyuma yangu. "Rudisha kiti changu."

Nikasimama kwenye hatua ya kumi na moja. "Cha nini, Bwana? Aliyejikwaa hujifuta vumbi akaendelea."

"Nakihitaji."

"Basi hilo ni neno jingine. Liseme mbele ya benchi. Sema huu ndio mwendo wako, tangu mtoto, wala hakuna siku ulipita katikati ya utepe. Sema, nami nakurudishia kiti sasa hivi, na Kazija anaubandua ule utepe ukutani, kila mtu atoke kwa miguu aliyopewa. Au shikilia kuwa umejikwaa. Mwendo wako ni mzima, mlango uko wazi, tembea upite."

Aliutazama mlango. Akautazama ukuta, ambako mtu wake wa vijiti alikuwa bado anavuka, anavuka, hafiki. Akatutazama sisi, benchi zima, na Pandu aliyeganda mguu mmoja mbele, na mtoto ndani ya shuka lake.

"Nimejikwaa tu," akasema, wazi, kwa sauti ileile ya kusema Rudia.

Na pale aliposimama, bila hatua, bila haraka, mbele ya macho mekundu yote, kisigino chake cha kushoto kikainuka taratibu kutoka sakafuni, akabaki amesimama kwa vidole.